Vijenzi Vikuu: Namna ya Kuzisoma Picha za Ardhi Zinazopigwa na Setilaiti

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha angani chombo kilichoitwa kwanza ERTS-1, na ambacho baadaye kilipewa jina la Landsat 1. Chombo hicho kiliizunguka dunia kikipita karibu na ncha zake mbili, katika kimo cha kilomita 900 hivi, na kila baada ya siku 18 kilirudi juu ya mahali pale pale. Kazi yake haikuwa kupeleleza majeshi wala kupitisha simu, bali kuitazama ardhi: misitu, mashamba, maziwa, milima na majangwa. Tangu wakati huo vyombo vingine vya jamii hiyo vimefuatana, hata Landsat 9 iliyorushwa tarehe 27 Septemba 2021. Kwa hiyo leo dunia inayo kumbukumbu ya sura yake yenyewe ya zaidi ya nusu karne.

Watu wengi hudhani kwamba picha ya setilaiti ni picha kama ile ipigwayo na mpiga picha wa mtaani, isipokuwa tu imepigwa kutoka mbali sana. Dhana hiyo yahitaji kurekebishwa. Kihisio kilichokuwamo katika Landsat 1 hakikutumia filamu. Kiliigawa ardhi katika vijiraba vyenye upana wa mita 80 hivi, na kwa kila kijiraba kilipima kiasi cha nuru iliyorudishwa na ardhi katika kanda nne za mawimbi: ukanda wa kijani, ukanda wa nyekundu, na kanda mbili za infraredi, yaani mionzi iliyo jirani na nyekundu ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Kila kipimo kilipelekwa ardhini kama tarakimu. Kijiraba kimoja, ambacho wataalamu hukiita pikseli, kilikuwa basi na tarakimu nne. Picha nzima, yenye upana wa kilomita 185 kila upande, ilikuwa na mamilioni ya pikseli.

Landsat 4, iliyorushwa mwaka 1982, ilileta kihisio kipya chenye kanda saba, ambapo kanda sita kati ya hizo zilipima vijiraba vya mita 30 tu. Hesabu rahisi yaonyesha ukubwa wa mzigo huo. Kilomita 185 zikigawanywa kwa mita 30 hutoa vijiraba zaidi ya 6,000 kwa kila upande. Kwa hiyo picha moja ina pikseli zipatazo milioni 38, na kwa kanda sita tarakimu zake zapata milioni 228. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina kanda 13.

Hapo ndipo shida inapoanza. Kioo cha kompyuta huonyesha rangi tatu za msingi tu, nyekundu, kijani na buluu, na jicho la binadamu nalo haliwezi kuchanganya zaidi ya hizo kwa wakati mmoja. Mtafiti aliye na kanda sita au saba aonyeshe zipi na aache zipi? Akichagua kwa kubahatisha, aweza kuiacha nje habari ile ile aliyokuwa akiitafuta. Mojawapo ya njia za kulijibu swali hili huitwa uchambuzi wa vijenzi vikuu. Ni njia ya hesabu iliyobuniwa miaka mingi kabla ya setilaiti ya kwanza, na misingi yake yaweza kueleweka na mwanafunzi yeyote wa shule ya sekondari anayejua mlinganyo wa kipeo cha pili na kanuni ya Pythagoras.

Habari zinazorudiwa

Mwalimu wa darasa anayepanga alama za mtihani hugundua jambo moja upesi. Mwanafunzi aliyepata alama nzuri katika hisabati mara nyingi hupata alama nzuri katika fizikia pia. Si kila mara, lakini mara nyingi. Kwa hiyo mtu akiambiwa alama ya hisabati ya mwanafunzi fulani, tayari ana fununu ya alama yake ya fizikia. Alama hizo mbili hazibebi habari mbili kamili. Sehemu kubwa ya habari ya pili imo tayari ndani ya ile ya kwanza.

Kanda za setilaiti ziko hivyo hivyo. Mchanga mweupe wa ufukweni hung'aa katika ukanda wa kijani, hung'aa pia katika ukanda wa nyekundu. Upande wa mlima ulio kivulini huwa na giza katika kanda zote. Mtu anayelinganisha picha ya ukanda wa kijani na ile ya ukanda wa nyekundu huziona zimefanana kama mapacha. Tofauti zipo, nazo ndizo zenye manufaa, lakini zimefunikwa na mfanano huo mkubwa. Mimea, kwa mfano, huifyonza nuru nyekundu kwa sababu ya umbijani ulio katika majani, huku ikirudisha kwa wingi mionzi ya infraredi. Maji safi, kinyume chake, huifyonza karibu infraredi yote. Sifa hizo ndizo zinazomwezesha mtafiti kutenganisha msitu na shamba lililolimwa, au ziwa na kivuli cha wingu.

Kwa hiyo lengo la uchambuzi wa vijenzi vikuu laweza kuelezwa hivi: kuzichukua kanda nyingi zinazorudia habari zile zile, na kuziunda upya ziwe kanda nyingine ambazo hazirudiani hata kidogo, zikapangwa kwa utaratibu kiasi kwamba ya kwanza inabeba tofauti nyingi kuliko zote, ya pili inabeba nyingi kati ya zilizobaki, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Kanda hizo mpya ndizo vijenzi vikuu.

Kivuli cha jembe

Mtu akishika jembe juani aweza kulielekeza namna mbalimbali. Akilishika hivi, kivuli chake ardhini huonyesha mpini na bamba lake, na yeyote akipita husema, "Hili ni jembe." Akielekeza ncha ya mpini kwenye jua, kivuli cha mpini chote hujikusanya kikawa doa tu. Jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni upande lilikotazamwa. Uchambuzi wa vijenzi vikuu hufanya kazi ya kutafuta upande ambao kivuli chake ni kirefu kuliko pande nyingine zote.

Pikseli yenye tarakimu mbili, moja ya nyekundu na moja ya kijani, yaweza kuchorwa kama nukta kwenye karatasi ya grafu. Pikseli zote za picha zikichorwa, nukta hizo hufanya wingu. Kwa kuwa kanda hizo zinafuatana, wingu hilo haliwi duara, bali huwa refu na jembamba, mfano wa tango lililolazwa mshazari. Mhimili wa kwanza mpya hupitishwa katikati ya urefu wa tango hilo. Mhimili wa pili huukata ule wa kwanza kwa pembe mraba, ukipita katika unene wake. Nukta hazijahamishwa wala kuguswa. Mihimili ndiyo iliyogeuzwa ili iendane na umbo la nukta zenyewe. Kanda zikiwa saba, wingu huwa katika anga la vipimo saba ambalo hakuna awezaye kulichora, lakini hesabu zake ni zile zile.

Wazo hili lilitolewa kwanza na Mwingereza Karl Pearson mwaka 1901, alipokuwa akitafuta mstari unaozipitia nukta nyingi kwa ukaribu kuliko mistari mingine yote. Mwaka 1933 Mmarekani Harold Hotelling aliliendeleza na kulipa jina lake la vijenzi vikuu. Yafaa walimu wakumbuke kwamba Hotelling hakuwa akifikiria picha wala setilaiti. Alikuwa akichunguza alama za majaribio ya kusoma na hesabu ya watoto wa shule. Katika miaka ya 1970, picha za Landsat zilipoanza kupatikana, wataalamu waliona kwamba kanda za setilaiti na alama za majaribio ni tatizo moja lenye mavazi mawili.

Mfano wa pikseli tano

Ili njia hii isibaki kuwa maneno matupu, ufuatao ni mfano mdogo unaoweza kukokotolewa kwa mkono. Tarakimu zake zimebuniwa kwa ajili ya somo, lakini mwenendo wake ni ule ule wa picha halisi. Ichukuliwe kwamba kuna pikseli tano katika nchi ya vilima, nazo zimepimwa katika kanda mbili:

A: nyekundu 21, kijani 32 (mimea iliyo kivulini)
B: nyekundu 35, kijani 30 (udongo ulio kivulini)
C: nyekundu 40, kijani 40 (mchanganyiko wa udongo na mimea)
D: nyekundu 51, kijani 42 (udongo ulio juani)
E: nyekundu 53, kijani 56 (mimea iliyo juani)

Hatua ya kwanza ni kutafuta wastani. Jumla ya tarakimu za nyekundu ni 200, na za kijani pia ni 200. Kwa hiyo kila ukanda una wastani wa 40. Hatua ya pili ni kutoa wastani huo katika kila tarakimu ili kupata mchepuko. Katika ukanda wa nyekundu michepuko ni −19, −5, 0, 11 na 13. Katika ukanda wa kijani ni −8, −10, 0, 2 na 16.

Hatua ya tatu ni kupima mtawanyiko, yaani wastani wa miraba ya michepuko. Miraba ya nyekundu ikijumlishwa ni 676, nayo ikigawanywa kwa 5 hutoa 135.2. Miraba ya kijani jumla yake ni 424, na wastani wake ni 84.8. Kisha hupimwa mtawanyiko wa pamoja, ambao huonyesha jinsi kanda mbili zinavyofuatana: kila mchepuko wa nyekundu huzidishwa kwa mchepuko wa kijani wa pikseli ile ile. Jumla yake ni 152 + 50 + 0 + 22 + 208, yaani 432, na wastani ni 86.4. Kama kanda hizi zisingekuwa na uhusiano wowote, jawabu hili lingekuwa sifuri. Ukubwa wake ndio ushahidi wa habari zinazorudiwa.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha shughuli yote. Mitawanyiko ya mihimili mipya inayotafutwa, ambayo yaweza kuitwa m, hupatikana kwa mlinganyo wa kipeo cha pili:

m² − (135.2 + 84.8)m + (135.2 × 84.8 − 86.4²) = 0

ambao ukirahisishwa huwa

m² − 220m + 4000 = 0.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuona kwamba mlinganyo huo ni (m − 200)(m − 20) = 0. Kwa hiyo kijenzi cha kwanza kina mtawanyiko wa 200 na cha pili kina mtawanyiko wa 20. Jumla ni 220, sawasawa na jumla ya mitawanyiko ya kanda za mwanzo, 135.2 na 84.8. Hakuna kilichopotea wala kilichoongezwa. Mali ni ile ile, ila imegawanywa upya. Hapo awali kanda zilikuwa zimegawana mali hiyo kwa kukaribiana, na sasa kijenzi cha kwanza kimechukua sehemu 200 kati ya 220, yaani karibu asilimia 91, na cha pili kimeachiwa asilimia 9.

Hatua ya tano ni kupata uelekeo wa mihimili hiyo. Uzito wa nyekundu ukiitwa n na wa kijani ukiitwa k, kwa kijenzi cha kwanza huwa (135.2 − 200)n + 86.4k = 0. Kwa hiyo n kwa k ni kama 86.4 kwa 64.8, ambayo ni 4 kwa 3. Kwa kanuni ya Pythagoras, pembetatu yenye pande 4 na 3 ina mshazari wa 5. Kwa hiyo uzito wa nyekundu ni 0.8 na wa kijani ni 0.6. Mhimili wa pili, ambao ni lazima uukate ule wa kwanza kwa pembe mraba, una uzito wa −0.6 kwa nyekundu na 0.8 kwa kijani.

Mwishowe michepuko ya kila pikseli huzidishwa kwa uzito huo na kujumlishwa. Matokeo ni haya:

A: kijenzi cha kwanza −20, cha pili 5
B: kijenzi cha kwanza −10, cha pili −5
C: kijenzi cha kwanza 0, cha pili 0
D: kijenzi cha kwanza 10, cha pili −5
E: kijenzi cha kwanza 20, cha pili 5

Atakayezidisha safu hizi mbili na kujumlisha ataona kwamba mtawanyiko wao wa pamoja ni sifuri. Kurudiana kumekwisha.

Kijenzi kina maana gani?

Hesabu zimemalizika, lakini kazi ya sayansi ndiyo kwanza inaanza. Hesabu hazikuambiwa lolote kuhusu udongo, mimea, jua wala kivuli. Zilipewa tarakimu kumi tu. Maana ni lazima itafutwe na binadamu, naye huanza kwa kutazama uzito.

Katika kijenzi cha kwanza uzito wote ni chanya: kinajumlisha nuru ya kanda zote mbili. Hicho basi ni kipimo cha mwangaza. Kinaipa pikseli A alama ya chini kuliko zote na E alama ya juu kuliko zote, kwa sababu moja iko kivulini na nyingine iko juani. Katika kijenzi cha pili uzito mmoja ni hasi na mwingine ni chanya: kinapima ni kwa kiasi gani kijani imeizidi nyekundu. Hicho kinazipa A na E alama ile ile ya 5, na B na D alama ile ile ya −5. Kwa maneno mengine, kijenzi cha pili hakijali kivuli. Kinatenganisha mimea na udongo.

Jambo hili halionekani katika ukanda wowote wa mwanzo. Mtu aliyetazama ukanda wa nyekundu peke yake angeona A yenye 21 na E yenye 53, akasema hivi ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa, ilhali vyote ni mimea.

Katika picha halisi za Landsat ya kwanza yenye kanda nne, mwenendo kama huu ulionekana mara nyingi. Vijenzi viwili vya kwanza kwa kawaida vilibeba zaidi ya asilimia 95 ya mtawanyiko wote. Cha kwanza kikihusiana na mwangaza, na cha pili kikihusiana na uoto. Mwaka 1976 Wamarekani R. J. Kauth na G. S. Thomas walionyesha kwamba nukta za mashamba zilizopimwa kwa kihisio hicho hulala karibu zote katika bapa moja lenye mihimili hiyo miwili, mwangaza na ukijani, nao wakaunda mihimili ya kudumu inayoweza kutumika kutoka picha moja hadi nyingine. Vijenzi vya mwisho, kwa upande wao, mara nyingi hubeba makelele ya chombo. Kihisio cha Landsat 1 kilisoma mistari sita ya ardhi kwa mkupuo mmoja, kila mstari kwa vigunduzi vyake, na vigunduzi hivyo havikuwa sawa kabisa. Kwa hiyo vijenzi vya mwisho huweza kuonyesha michirizi inayojirudia kila baada ya mistari sita. Mtafiti akikitoa kijenzi cha namna hiyo na kuirudisha picha katika kanda zake za awali, huipata ikiwa safi zaidi.

Asilimia si cheo

Hapa ndipo penye mtego. Vitabu vingi husema kwamba kijenzi cha kwanza kina "habari" nyingi kuliko vyote, na wanafunzi huelewa kwamba ndicho chenye umuhimu kuliko vyote. Mfano wa pikseli tano waonyesha kosa hilo. Kijenzi chenye asilimia 91 kilieleza jua na kivuli tu. Kilichoieleza ardhi yenyewe ni kile chenye asilimia 9. Hesabu hupima mtawanyiko. Hazipimi haja ya mtu.

Ufikiriwe msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, ambao ndio mkubwa kuliko mingine yote ya Tanzania, ukiwa na ukubwa wa karibu hekta 50,000. Mikoko huzuia mmomonyoko wa pwani, ni mahali pa kukulia kamba na samaki wadogo, na kwa karne nyingi boriti zake zimejenga nyumba za mwambao na kuvushwa bahari hadi Uarabuni. Sehemu zake zimewahi kufyekwa ili kulima mpunga. Tangu Desemba 2022, wakati Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji upande wa juu wa mto, mwendo wa maji na tope kuelekea delta ni jambo la kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Wavuvi, wakulima na maofisa misitu wa huko wana haja ya kujua: mikoko inapungua, inaongezeka, au inahama?

Sasa, picha moja ya Landsat hufunika kilomita za mraba zaidi ya 34,000. Mikoko yote ya Rufiji ni kama kilomita za mraba 500, yaani asilimia moja na nusu ya picha. Ichukuliwe kwamba sehemu ya kumi ya mikoko hiyo imetoweka. Hizo ni hekta 5,000, hasara ambayo kila mtu wa delta angeiona kwa macho yake. Katika picha hasara hiyo ni pikseli zaidi ya 55,000. Lakini hizo ni kama pikseli moja au mbili tu katika kila 1,000. Wakati huo huo bahari hupwa na kujaa, ukungu huzidi na kupungua, na nyasi za bara hukauka na kuchipua. Mabadiliko hayo ya kawaida hugusa mamilioni ya pikseli. Mchambuzi anayebaki na vijenzi viwili vya kwanza na kuvitupa vilivyobaki kwa hoja kwamba vina asilimia 5 tu, aweza kuitupa mikoko pamoja navyo, kisha akaandika katika ripoti kwamba hakuna kilichobadilika.

Njia ya kuuepuka mtego huo inajulikana tangu zamani. Mwaka 1980 watafiti wa Australia, G. F. Byrne, P. F. Crapper na K. K. Mayo, walizichukua picha mbili za Landsat za eneo moja zilizopigwa nyakati mbili tofauti, kila moja ikiwa na kanda nne, wakaziunganisha kama picha moja yenye kanda nane, kisha wakaitafutia vijenzi vikuu. Vijenzi vya kwanza vilieleza yale yaliyobaki vile vile katika nyakati zote mbili. Mabadiliko ya ardhi yalijitokeza katika vijenzi vilivyofuata. Jambo hili laeleweka kwa urahisi: ardhi iliyo nyingi haibadiliki, kwa hiyo picha ya jana na ya leo hufuatana sana, na kufuatana huko ndiko kunakochukuliwa na kijenzi cha kwanza. Kisichofuatana husukumwa nyuma. Anayetafuta mabadiliko basi hana budi kuanza kutafuta nyuma.

Tahadhari nne

Kwanza, vijenzi hutegemea picha vilimotoka. Kijenzi cha pili cha picha ya Rufiji si lazima kiwe na maana sawa na kijenzi cha pili cha picha ya Turkana, wala cha Rufiji ya mwaka mwingine. Uzito ni lazima usomwe upya kila mara. Hata alama ya kujumlisha au kutoa si jambo la kutegemewa, kwa kuwa mhimili waweza kuelekezwa upande wowote wa mstari wake. Penye weupe katika picha moja paweza kuwa na weusi katika nyingine.

Pili, yafaa picha ikatwe kabla ya kuchambuliwa. Anayechunguza mikoko hana haja ya kuchanganya bahari kuu na vilima vya bara katika hesabu zake. Akilibakiza eneo la delta peke yake, mikoko haitakuwa tena asilimia moja na nusu, na sauti yake itasikika. Mawingu nayo sharti yaondolewe, kwa maana hung'aa mno na huweza kukiteka kijenzi cha kwanza chote.

Tatu, kanda yenye tarakimu kubwa huzivuta hesabu upande wake. Ikiwa mtafiti hataki hivyo, huigawanya kwanza kila michepuko kwa mchepuko wastani wa ukanda wake ili kanda zote ziwe na nguvu sawa. Njia hizo mbili hutoa majibu tofauti, na ripoti yoyote yapasa kueleza ni ipi iliyotumika.

Nne, kijenzi huweza kuonyesha kasoro ya chombo na si tabia ya ardhi. Mwaka 1993 J. Ronald Eastman na Michele Fulk walichapisha uchambuzi wa mfululizo wa picha za kila mwezi za uoto wa bara zima la Afrika. Kijenzi cha kwanza kilionyesha hali ya kawaida ya uoto, na vilivyokifuata vilionyesha kupishana kwa majira ya mvua na kiangazi. Lakini miongoni mwa vilivyofuata zaidi vilikuwamo vilivyotokana na vihisio vya setilaiti zenyewe. Asiyekuwa mwangalifu angesema kwamba Afrika imebadilika, kumbe kilichobadilika ni chombo kinachoitazama.

Kwa sababu hizi zote, uchambuzi wa vijenzi vikuu hauwezi kumfukuza kazi mtu anayetembea kwa miguu. Kijenzi huonyesha mahali penye jambo. Hakisemi ni jambo gani. Ni lazima mtu apande mtumbwi, afike mahali hapo, na aseme: hapa pana mpunga, hapa pana visiki, hapa pana miche inayoota upya.

Katika darasa

Zamani picha hizi ziliuzwa, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa shule. Tangu mwaka 2008 kumbukumbu za Landsat hutolewa bila malipo kwa mtu yeyote duniani. Hata hivyo shule isiyo na kompyuta haizuiliki kulifundisha somo hili.

Mwalimu aweza kuleta darasani maharage ya aina mbili zilizochanganywa, moja yenye punje ndefu na nyembamba, nyingine yenye punje za mviringo. Wanafunzi wachague punje 20 bila kupendelea, wapime urefu na upana wa kila moja kwa milimita, na wachore nukta 20 katika karatasi ya grafu. Kisha wafuate hatua tano zilizoelezwa hapo juu. Iwapo punje ndefu huwa pia pana zaidi, wataona kwamba kijenzi cha kwanza ni ukubwa wa punje, na cha pili ni umbo lake. Waulizwe basi: ni kijenzi kipi chenye asilimia kubwa? Na ni kipi kinachotenganisha aina moja ya maharage na nyingine?

Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo la pili kwa ushahidi wa tarakimu zake mwenyewe amekwisha kuelewa jambo ambalo laweza kumponyoka hata mtaalamu mwenye kompyuta kubwa: kwamba kilicho kingi si lazima kiwe ndicho kinachotafutwa, na kwamba kabla ya kukitupa kilicho kidogo yafaa kwanza kukiuliza kina habari gani.